Diski Inayofanana na Diski Inayofaa

(Maneno haya tuliyasema mbele ya wanachama wa Lodwar, kisha tukayarudia Kakuma. Tumeombwa yachapwe hapa kwa faida ya matawi mengine yenye seva ya zamani.)



Mtu aweza kuuliza: watu wa reli wametafuta nini Turkana, mahali ambapo hapana reli? Ni kweli hapana. Reli ya zamani ilifika Kitale mwaka 1926 ikakomea hapo, na tangu hapo mizigo yenu hupanda lori. Ile nyingine ya kutoka Lamu kupitia Isiolo mpaka Sudan Kusini, iliyotangazwa mwezi wa Machi 2012, haijafika huku. Basi hatukuja na garimoshi. Tumekuja na basi kama ninyi, na vumbi tumelila sawasawa.

Lakini kazi yetu ya karakana ina jambo moja linalofanana na shida yenu. Sisi twatengeneza mashine ambazo waliozitengeneza wamekwisha kuzisahau. Injini za dizeli za aina ya 93 zilitoka Marekani miaka ya 1970. Ukitaka spea ya injini kama hiyo, huendi dukani ukasema, "Nipe spea ya injini." Utapewa chuma, nacho kitang'aa, lakini hakitaingia. Tena hapa Kenya tuna reli mbili. Ya zamani ina upana wa milimita 1,000 kati ya chuma na chuma. Ile mpya ya Mombasa na Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 2017, ina milimita 1,435. Gurudumu la huku ni gurudumu, na la kule ni gurudumu, yote mawili ya mviringo, yote mawili ya chuma. Lakini ukilipeleka la huku kule, behewa halitatoka stesheni.

Kwa hiyo mwenye kazi ya karakana hujifunza mapema ya kwamba kufanana si kufaa. Hilo ndilo neno letu la leo, nalo lahusu diski za seva zenu.

SEVA NI NINI, NA NDANI YAKE MNA NINI

Seva ni kompyuta isiyolala. Kompyuta ya mezani hutumiwa na karani mmoja, lakini seva hutumiwa na makarani wote, usiku na mchana, nayo ndiyo stoo ya maandishi yao. Maandishi hayo hukaa katika diski. Diski ya namna hii ni sahani ngumu zinazozunguka ndani ya kisanduku kilichofungwa, na mkono mdogo hupita juu yake ukiandika na kusoma. Si jambo jipya sana. Kampuni ya IBM ya Marekani ilitoa ya kwanza mwaka 1956, yenye sahani 50, kila sahani inchi 24 kwa upana, na zote pamoja zilichukua kama herufi milioni 5 tu. Leo diski inayoingia mfukoni mwa shati hupita hiyo mara nyingi mno.

Seva ya Lodwar ni HP ProLiant DL380 G7, ya namna iliyotolewa mwaka 2010. Ya Kakuma ni Dell PowerEdge R710, ya namna iliyotolewa mwaka 2009. Zote mbili ni mashine za heshima, na zote mbili ni wazee.

Ndani ya ile ya Lodwar mna daftari la michango yenu, akiba, mikopo, na fungu la mazishi. Ndani ya ile ya Kakuma mna daftari la siku za kazi. Sasa tusikilizane hapa. Mtu mwenye barua ya ajira na hati ya mshahara, daftari hilo kwake ni ushahidi wa pili. Lakini Kakuma pana kambi ya wakimbizi tangu mwaka 1992, na makazi ya Kalobeyei yalifunguliwa karibu yake mwaka 2016. Huko wako ndugu zetu wakimbizi wanaofanya kazi shuleni, hospitalini na kwenye visima kwa malipo yaitwayo posho, wala si mshahara. Wengi hawana karatasi nyingine. Siku zao zikifutika katika diski, ni kana kwamba hawakuamka, hawakufundisha, hawakubeba mgonjwa.

Basi mtu asiseme diski ni mambo ya makarani. Ni mambo ya jasho la mtu.

HESABU YA JUMLA

Mtauliza: kama diski zaweza kufa, kwa nini daftari halijapotea siku zote? Kwa sababu seva haiweki maandishi katika diski moja. Huyagawa katika diski kadhaa kwa mpango uitwao RAID. Jina hilo lilitokana na maandishi ya mwaka 1988 ya Patterson, Gibson na Katz, watu wa Chuo Kikuu cha California huko Berkeley.

Chukueni kalamu, tufanye hesabu ndogo. Andikeni namba tano: 4, 7, 2, 9, 3. Zijumlisheni. Ni 25. Iandikeni hiyo 25 pembeni. Sasa futeni ile 9. Je, imepotea? La. Jumlisheni zilizobaki, ni 16. Toeni 16 katika 25, tisa yarudi. Hivyo ndivyo ilivyo katika seva ya Lodwar. Ina diski sita, na nafasi ya diski moja kati ya sita ni ya hesabu ya jumla. Mashine yenyewe huizungusha hesabu hiyo katika diski zote kwa zamu. Diski moja ikifa, mashine huendelea kwa kutoa na kujumlisha.

Sasa futeni namba mbili pamoja, 9 na 2. Jumla yenu itawaambia kwamba kilichopotea ni 11. Lakini 11 gani? Yaweza kuwa 9 na 2, au 6 na 5, au 10 na 1. Hakuna mwalimu wala fundi atakayejua. Hapo daftari limekwisha.

Kwa hiyo, ndugu, diski ya kwanza kufa ni onyo, na diski ya pili ni msiba. Muda wote kati ya hizo mbili ndio muda mlio nao wa kutafuta spea. Haujulikani urefu wake. Diski sita zilizonunuliwa siku moja, zikafanya kazi pamoja katika joto moja, huzeeka pamoja.

VIFURUSHI VITATU

Twaeleza yaliyotokea hapa Lodwar, kwa kuwa ndiyo yaliyotufanya tuitwe. Diski moja ilikufa, ikawasha taa ya rangi ya chungwa. Ofisi ikapeleka barua Nairobi kwa mfanyabiashara mmoja, yenye maneno haya: "Diski moja ya seva, 300." Mfanyabiashara hakukosa kabisa, maana alituma diski, ilikuwa ya seva, na ilikuwa ya gigabaiti 300. Lakini ilikuwa ya upana wa inchi 3.5, na matundu ya seva hii ni ya inchi 2.5. Ilirudishwa kwa basi.

Kifurushi cha pili kilikuja na diski ya inchi 2.5, tena gigabaiti 300. Iliingia vizuri, taa zikawaka, watu wakashangilia. Lakini mashine ikaikataa. Diski hiyo ilitolewa katika kabati kubwa la kuhifadhia maandishi la kampuni fulani, na makabati ya namna hiyo hukata maandishi vipande vya baiti 520, ambapo seva hii yajua vipande vya baiti 512 tu. Baiti nane za ziada, basi, mlango umefungwa. Dawa yake iko. Diski kama hiyo hufungwa kwenye kompyuta yenye kadi ya kawaida, isiyo ya RAID, ikaamriwa kwa programu iitwayo sg_format ijikate upya vipande vya 512. Kazi hiyo huchukua saa nyingi, na umeme ukikatika katikati yapasa kuanza tena. Wakati ule hapakuwa na kadi ya namna hiyo hapa.

Kifurushi cha tatu kilileta diski sahihi kabisa, isipokuwa fremu yake. Kila diski ya seva hukaa ndani ya fremu, kama droo, ndipo iingie katika tundu. Kampuni ya HP ilibadili fremu zake ilipotoka G7 kwenda Gen8. Diski ya gigabaiti 300 ya mizunguko 10,000 kwa dakika yenye fremu ya G7 ina namba 507127-B21. Ndugu yake wa Gen8 ana namba 652564-B21. Moyo ni ule ule, nguo ni nyingine. Fundi wa redio wa hapa mjini aliifungua kwa bisibisi, akatoa diski katika fremu mpya akaitia katika fremu ya ile iliyokufa, skrubu nne tu, ikaingia, ikafanya kazi.

Vifurushi hivyo vitatu vilikula wiki tatu na siku mbili. Kutoka Nairobi mpaka hapa ni kama kilomita 700, na laga zikijaa maji basi husimama. Siku zote hizo daftari lenu lilikuwa likitembea kwa mguu mmoja. Tena katika diski tano zilizobaki, moja ilikwisha kuanza kuonyesha vipande vibovu. Wazee walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Fimbo yenu ilikuwa Luthuli Avenue, na nyoka alikuwa Lodwar, ndani ya nyumba.

MAMBO SABA YA KUSOMA KABLA YA KUTOA PESA

Basi yaandikeni haya, tena yabandikwe ukutani penye seva.

Kwanza, upana. Ni inchi 2.5 au 3.5? Pimeni tundu, msipime kwa macho.

Pili, plagi na lugha. Diski za seva zina lugha mbili, SAS na SATA. Plagi zake hufanana sana. Diski ya SATA yaweza kuingia katika tundu la SAS, lakini diski ya SAS haiingii katika tundu la SATA. Ikikataa kuingia, msiilazimishe kwa nguvu. Wala msichanganye SAS na SATA katika kundi moja la diski. Kadi ya seva hii ya Lodwar haikubali mchanganyiko huo.

Tatu, ukubwa. Diski mpya lazima iwe sawa na iliyokufa au kuipita. Ikipungua hata kidogo hukataliwa. Mkitia ya gigabaiti 600 mahali pa 300 itakubaliwa, lakini itatumika 300 tu. Si hasara, maana mara nyingine ya 600 hupatikana kwa urahisi kuliko ya 300. Tazameni pia mizunguko. Ile ya mizunguko michache huwachelewesha wenzake wote.

Nne, mpaka wa kadi. Ndani ya seva mna kadi inayoziongoza diski, nayo kadi ya zamani ina mwisho wa kuhesabu. Hili tutalieleza tukifika Kakuma.

Tano, vipande. Ni baiti 512, au 520, au 4,096? Diski mpya nyingi kubwa hukata vipande vya 4,096. Baadhi yake hujua kujifanya kama 512, nazo zaweza kufaa. Nyingine hazijui, na hizo hazifai kwa wazee hawa.

Sita, namba na fremu. Kwenye kibandiko cha diski ya HP mtaona namba mbili au zaidi. Ya kununulia dukani huishia B21, na ya spea huishia 001. Ziandikeni zote, herufi kwa herufi. Barua yenu ya kuagiza isiseme "diski ya seva." Iseme jina la seva, namba ya diski, upana, lugha, ukubwa, mizunguko na fremu. Ikiwezekana pigeni picha kibandiko, picha iende pamoja na barua. Mfanyabiashara akituma kingine mna haki ya kukirudisha, kwa kuwa mlisema wazi.

Saba, umri. Nyingi za diski za namna hii ziuzwazo leo zimekwisha kutumika. Diski hujiandikia yenyewe saa ilizofanya kazi na vipande vilivyoharibika. Programu iitwayo smartctl husoma hesabu hizo. Mwambieni muuzaji awaonyeshe kabla ya pesa kutoka. Mwaka mmoja una saa 8,760. Diski yenye saa 60,000 imekwisha kufanya kazi karibu miaka saba bila kupumzika. Hata mzee wa shunting hupewa likizo.

Mtu mmoja alituuliza kama ni lazima diski iwe na alama ya kampuni ile ile iliyounda seva. Mara nyingi si lazima, ila hutegemea kadi. Mwaka 2010 kampuni ya Dell ilitoa kadi zilizokataa diski ambazo haikuzithibitisha yenyewe. Wateja wakalalamika wengi kwa pamoja, na mwaka huohuo kampuni ikakiondoa kizuizi hicho. Ninyi mwajua somo lake bila sisi kulisema.

YA KAKUMA

Kutoka hapa mpaka Kakuma ni kama kilomita 120. Tuliyoyakuta huko yalikuwa mazito zaidi.

Seva ya Kakuma ilikuwa na diski mbili tu, kila moja nakala ya mwenziwe, kama karani anayeandika na karatasi ya kaboni. Mpango mwema. Diski moja ilikufa, taa ya chungwa ikawaka, na kwa kuwa kazi iliendelea kama kawaida, hakuna aliyeuliza. Taa iliwaka miezi. Watu waliizoea, kama mtu anavyozoea jino bovu. Kisha siku moja ya joto, ya pili nayo ikafa, na siku za kazi za miezi minne zikaenda nayo.

Kilichowaokoa wengi ni dada mmoja karani aliyekuwa akitunza vishina vya risiti katika bati la majani ya chai. Vilisomwa kimoja kimoja, mchana na jioni, siku zikarudi katika daftari. Lakini watu tisa hawakuwa na vishina. Mpaka tulipoondoka, shauri lao lilikuwa halijakwisha. Mmoja alituambia kwa upole, "Nyinyi mwasema diski imekufa. Mimi ndimi niliyekufa, kwa kuwa siku zangu hazipo." Hatukuwa na jibu la kumpa.

Baada ya msiba huo walipewa diski na wafadhili, mpya, ndani ya kisanduku chake, ya terabaiti 4. Ni kubwa mara nyingi kuliko ile iliyokufa. Wakaitia. Mashine haikuweza kuitumia ipasavyo. Kwa nini? Kadi iliyo ndani ya seva hiyo, iitwayo PERC 6/i, haivuki terabaiti 2. Wazee wa reli watakumbuka zile tikiti za kadi ngumu za zamani. Zilikuwa na namba ya tarakimu nne, 0000 mpaka 9999. Ikifika 9999 huwezi kuongeza tarakimu ya tano, huna mahali pa kuiandika. Kadi hii ni hivyo hivyo. Ina nafasi ya kuhesabu vipande 4,294,967,296 tu, na kila kipande ni baiti 512. Zidisheni wenyewe, mtapata terabaiti 2 na kitu kidogo. Kipande kinachofuata hakina namba, na kisicho na namba hakisomeki.

Basi zawadi ile ilikuwa nzuri, lakini haikufaa mahali pale. Hatukuitupa. Tuliitia katika kisanduku cha waya cha kuchomeka nje ya kompyuta, nayo sasa ndiyo inayobeba nakala ya akiba. Wakati ule ule ofisi moja ya huko ilikuwa ikiuza vyombo vyake vya zamani, na kati ya vyombo hivyo mlikuwa na diski. Zile za gigabaiti 146 tuliziacha, ndogo. Mbili za terabaiti 1 zilisomwa saa zake, zikawa na umri wa wastani, bila vipande vibovu. Hizo zikanunuliwa. Mwaona, ndugu, spea ilikuwa Kakuma kwenyewe, mwendo wa miguu, lakini aliyeiona ni yule aliyekuwa na namba na vipimo mkononi.

NAMNA YA KUBADILI

Spea ikipatikana msikimbilie kuitia. Taratibu ni hii.

Kabla ya yote, fanyeni nakala ya akiba. Diski mpya ikiingia, mashine huanza kuijaza kwa kuzisoma diski zote za zamani tangu mwanzo hata mwisho, saa nyingi mfululizo. Kwa wazee ni kazi ngumu, na wengi hufia hapo. Nakala iwe nje ya seva kabla hamjaanza.

Kisha hakikisheni ni diski ipi iliyokufa. Tazameni taa, tazameni namba ya tundu katika programu, na watu wawili wakubaliane kwa sauti, kama dereva na gadi wanavyokubaliana kabla garimoshi halijaondoka. Ukichomoa nzima badala ya iliyokufa, umefuta namba mbili katika hesabu yetu ya jumla.

Msiizime mashine. Seva hizi zimeundwa zibadilishwe diski zikiwa kazini. Vuteni iliyokufa kidogo, ngojeni sahani zisimame kuzunguka, ndipo muitoe yote. Ingizeni mpya mpaka ishike. Taa itaanza kupepesa. Iacheni. Mtu asiguse kitu mpaka kazi ya kujaza iishe.

Ifanyeni jioni. Seva hizi zote mbili zimepangiwa hewa ya kuingia yenye joto la nyuzi 10 mpaka 35 za Selsiasi. Mchana wa Lodwar hupita 35 mara nyingi, na ninyi hamhitaji mgeni kuwaambia. Usiku kuna nafuu. Mlango wa chumba ufungwe kwa ajili ya vumbi, na matundu ya feni yapanguswe. Pia pawepo betri ya dharura, maana hapa Lodwar kwa miaka mingi umeme umetegemea mitambo ya hapa mjini, na mtambo ukikohoa seva hukohoa nao.

Diski iliyokufa msiiuze sokoni wala kuwapa watoto wachezee. Ndani yake bado mna majina ya watu, na mengine ni ya watu waliokimbia nchi zao ili wasijulikane walipo. Iko Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019, lakini hata pasingekuwa na sheria, siri ya mwenzako ni amana. Itobolewe sahani zake kwa keekee, mbele ya mashahidi wawili, na jambo hilo liandikwe.

JE, TUNUNUE SEVA MPYA?

Wako waliosema: tupeni mzee huyu, tununue mpya. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Sisi twasema hivi. Ukinunua seva mpya leo bila desturi ya kuitazama, baada ya miaka michache utakuwa na mzee mwingine, na taa nyingine ya chungwa ambayo hakuna anayeiuliza. Tena wako waliosema mzee huyu afanye kazi milele. Hilo nalo si kweli. Spea za kutumika zinapungua, na kila mwaka zizidi kuwa kuukuu. Diski ya spea hainunui maisha, hununua muda. Muda huo utumieni kuweka akiba kidogo kidogo kwa ajili ya mashine ijayo. Siku mkiinunua, nunueni na diski mbili za akiba siku hiyohiyo, wakati bado ziko dukani.

Kwa sasa twaomba mkutano ukubali mambo manne. Diski mbili za spea ziwe katika stoo ya Lodwar na mbili Kakuma, zimejaribiwa, zimeandikwa namba. Pawe na daftari la seva, na kila Jumatatu mtu aliyechaguliwa aandike rangi ya kila taa na kutia sahihi. Nakala ya akiba ya Lodwar ikae Kakuma na ya Kakuma ikae Lodwar, ibadilishwe kila mwezi, imefungwa kwa neno la siri, ili moto au mafuriko ya mahali pamoja yasichukue yote. Na vishina vya risiti visitupwe kabla mwenye siku zake hajaziona katika daftari kwa macho yake.

Gharama ya mambo haya si kubwa. Gharama ya kutoyafanya mmeiona kwa wale ndugu tisa.

Hayo ndiyo tuliyokuwa nayo. Mwenye swali na aulize, na mwenye diski ya zamani nyumbani ailete tuisome namba yake pamoja.